Tuyo ya maji toka mlimani: namna ya kukunjua rulo pasipo kuinyonga

BARAKA – Katika vijiji vingi vya eneo la Fizi, jimbo la Kivu Kusini, maji safi yanategemea tuyo moja nyeusi ya plastiki inayotoka kwenye chemchemi mlimani na kuteremka hadi robine ya kijiji. Hakuna mashini, hakuna mafuta, hakuna umeme. Maji yanashuka yenyewe. Tuyo ya namna hiyo imetengenezwa idumu miaka kama 50. Lakini inaweza kuharibika siku ya kwanza, kabla tone moja halijapita ndani yake, wakati watu wanapokunjua rulo.

Kuharibika huko ndiko kunyongeka: tuyo inajipinda kwa ghafla mahali pamoja, ukuta wake unabonyea, na njia ya maji inabaki nyembamba. Kwa macho ni kasoro ndogo. Kwa akina mama wanaosubiri na bidoni zao kwenye robine, ni saa nzima za kupanga mstari.

Makala hii inaeleza kwa nini tuyo hunyongeka, namna ya kukunjua rulo bila hasara, na la kufanya ikiwa imekwisha kunyongeka.

Kwa nini jambo hili ni zito huku kwetu

Pwani ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kupitia Mboko, Swima, Nundu na Baraka hadi Kazimia, inajulikana kuwa eneo la kipindupindu. Ugonjwa huo hautoki moja kwa moja. Unatulia, kisha unarudi. Robine ikikauka, watu hurudi ziwani au mtoni, maana hakuna anayeweza kukaa bila maji.

Huko Uvira, watafiti walifuata hesabu za wagonjwa na za maji ya robine kati ya mwaka 2009 na 2014. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Walikuta kwamba baada ya siku isiyokuwa na maji kwenye mabomba, wagonjwa waliopokelewa kwa shaka ya kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, wakilinganishwa na siku ambapo maji yalitoka vizuri. Maana yake, maji yakikatika leo, hospitali itaona matokeo kabla ya wiki mbili kwisha.

Hesabu ya robine nayo ni rahisi. Robine inayotoa lita 0.2 kwa sekunde inajaza bidoni ya lita 20 kwa sekunde 100. Mstari ukiwa na bidoni 60, kazi inakwisha kwa dakika 100. Tuyo ikinyongeka na maji yakapungua nusu, mstari uleule unachukua dakika 200, yaani saa tatu na zaidi. Mama aliyeona mstari huo atamtuma mtoto ziwani.

Tuyo yenyewe ni ya namna gani

Tuyo inayotumika sana kwa maji ya kuteremka mlimani ni ya plastiki ngumu yenye alama PEHD. Ni nyeusi, mara nyingi ina mistari ya buluu inayoonyesha kwamba ni ya maji ya kunywa. Weusi wake unatokana na masizi maalum yanayochanganywa na plastiki ili jua lisiile haraka.

Juu ya tuyo kumeandikwa namba. Mfano: 63 PN 10. Namba 63 ni upana wa tuyo kwa milimeta, ukipima kutoka nje. PN 10 ni nguvu ya maji ambayo inaweza kubeba, yaani bari 10. Kila meta 10 za kimo huzaa nguvu ya bari 1. Kwa hiyo tuyo ya PN 10 inastahimili kimo cha meta 100 kutoka juu hadi chini, robine zote zikiwa zimefungwa. Chemchemi ikiwa meta 150 juu ya kijiji, PN 10 peke yake haifai: mafundi hujenga katikati tanki ndogo ya kuvunja nguvu ya maji, au hutumia tuyo nene zaidi upande wa chini.

Tuyo za upana wa 25, 32, 50 na 63 hufika zikiwa zimezungushwa kwa rulo, mara nyingi za meta 50 au 100. Tuyo pana zaidi, kuanzia 125, kwa kawaida huja zimenyooka, vipande vya meta 6 au 12. Faida ya rulo ni kubwa: kwa meta 100 kunakuwa na kiungo kimoja tu, wakati tuyo za PVC za meta 6 zinahitaji viungo zaidi ya 15. Na kila kiungo ni mahali ambapo maji yanaweza kuvuja siku moja.

Hasara ya rulo ni uzito na ukaidi. Rulo ya meta 100 ya tuyo 63 PN 16 inapita kilo 100. Tena plastiki ina kumbukumbu: imezoea kujizungusha, na ukiiacha tu inataka kurudi ilivyokuwa.

Tuyo hunyongekaje?

Kosa kubwa ni kulaza rulo chini kama kitanzi, kisha kushika ncha moja na kuvuta kwa upande. Ndivyo wengi hufanya, kwa sababu inaonekana kuwa njia ya haraka.

Shida ni hii: kila mzunguko unaotolewa kwa upande unaacha msokoto mmoja ndani ya tuyo. Rulo yenye upana wa meta 1.5 ina mzunguko wa karibu meta 4.7. Kwa meta 100, hiyo ni mizunguko 21. Mtu akiivuta yote kwa upande, tuyo inabeba misokoto 21. Haiwezi kuikalia. Inatafuta mahali pa kuitoa, inajirusha juu na kutengeneza kitanzi kidogo. Anayevuta mbele haoni, anaongeza nguvu, kitanzi kinakazwa, na tuyo inanyongeka.

Jaribio la kamba linaonyesha jambo hilohilo. Kamba iliyozungushwa mkononi ikitolewa kwa upande inajisokota. Ikifunguliwa kwa kugeuza mkono nyuma, inatoka imenyooka.

Sababu nyingine za kunyongeka ni hizi:

- Kukata kamba zote za rulo kwa mara moja, rulo ikafumuka.
- Kupitisha tuyo kwenye kona kali ya mfereji, jiwe au mti.
- Kutupa rulo kutoka juu ya lori, au kuibana sana kwenye pikipiki.
- Kufanya kazi asubuhi ya baridi, plastiki ikiwa ngumu.

Kabla ya kukata kamba

Kwanza rulo inakaguliwa. Mahali penye alama nyeupe, mkwaruzo mrefu au kubonyea panawekewa alama kwa chokaa au rangi. Mkwaruzo usiozidi sehemu moja ya kumi ya unene wa ukuta hausumbui. Ukizidi hapo, kipande hicho kinakatwa.

Pili, ncha zote mbili zinazibwa kwa kifuniko au kwa kitambaa kilichofungwa vizuri. Tuyo iliyolala wazi usiku mmoja huingia mchanga, vyura na hata panya. Uchafu huo utaonekana baadaye kwenye robine.

Tatu, njia inasafishwa. Vijiti vilivyokatwa kwa panga na kubaki vimechongoka, mawe makali na vyuma vinaondolewa. Shefu wa kijiji na wenye mashamba ambayo tuyo itapita wanajulishwa mapema. Mfereji uliochimbwa katika muhogo wa mtu bila ruhusa ni kesi, na kesi husimamisha kazi kuliko mvua.

Nne, watoto wanawekwa mbali. Rulo iliyokazwa ina nguvu kama chuma cha mtego. Ncha ikiachiwa ghafla inaweza kumpiga mtu usoni au kumwangusha. Anayekata kamba hasimami mbele ya ncha.

Njia tatu zinazofaa

*1. Kuviringisha kama gurudumu.* Njia hii inafaa mahali tambarare, kama kwenye barabara za Baraka au kandokando ya ziwa. Rulo inasimamishwa. Kamba ya tabaka la nje pekee ndiyo inakatwa. Ncha ya nje inafungwa kwenye kigingi au inashikwa na mtu. Watu wawili wanasukuma rulo polepole kufuata mfereji, na tuyo inabaki nyuma yao imelala. Tabaka likiisha, kamba ya tabaka linalofuata inakatwa. Wa nyuma wanaweka mifuko ya udongo juu ya tuyo kila baada ya meta 5 hivi, isije ikajirudisha.

*2. Kutumia meza inayozunguka.* Nguzo moja inasimikwa, na juu yake unawekwa msalaba wa mbao unaoweza kuzunguka. Rulo inalazwa juu ya msalaba huo. Anayevuta ncha ya nje anaenda mbele, na rulo inazunguka yenyewe. Hivyo hakuna msokoto hata mmoja. Mtu mmoja anabaki kwenye rulo kuishika isizunguke kwa kasi, maana ikipita mwendo wa anayevuta, tuyo inalegea na kutengeneza vitanzi. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza meza hiyo kwa siku moja, na itatumika kwa rulo zote.

*3. Kubeba kwa mstari.* Hii ndiyo njia ya mlimani, mahali ambapo gurudumu haliwezi kupita. Rulo inakaa kwenye meza inayozunguka au inageuzwa kwa mikono na watu wawili. Wa kwanza anachukua ncha begani na kuanza kutembea. Akifika meta 5, wa pili anaingia chini ya tuyo. Kisha wa tatu, wa nne, hadi rulo inakwisha. Kwa meta 100 wanahitajika watu kama 20, ndiyo maana kazi hii hupangwa siku ya salongo. Wote wanafuata sauti ya mtu mmoja. Akisema "simama", wote wanasimama. Mmoja akiendelea peke yake, aliye nyuma yake anabaki na tuyo iliyopinda.

Kwenye mteremko kuna onyo moja. Rulo haiachiliwi kushuka yenyewe kama gurudumu. Rulo ya kilo 100 ikikimbia mlimani haisimami, na inaweza kuua. Ikiwa ni lazima kushuka nayo, inafungwa kamba nyuma, na watu wenye nguvu wanaizuia kutoka juu.

Jua ni rafiki, jua ni adui

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa tuyo ubichi huo ni joto. Rulo iliyokaa juani saa moja au mbili inalainika na kukubali kunyooka. Huko Fizi-centre na kwenye milima, asubuhi ikiwa baridi, inafaa kungoja jua lipande kwanza. Wengi hukunjua tuyo siku moja kabla, wanaiwekea mifuko ya udongo, na kuiacha ilale imenyooka hadi kesho yake.

Lakini joto pia hurefusha tuyo. Tuyo ya meta 100 iliyopata joto la nyuzi 20 zaidi inaweza kurefuka kwa sentimeta 30 na zaidi. Ikiunganishwa na kufukiwa saa saba mchana, usiku inaporudi kuwa fupi inavuta viungo, na kiungo kinaweza kuchomoka. Kwa hiyo kazi inagawanywa: kukunjua wakati wa joto, kufunga viungo vya mwisho na kufukia asubuhi mapema au jioni. Ndani ya mfereji tuyo hailazwi imekazwa kama uzi wa gita. Inaachwa ikipinda kidogo kama nyoka anayetembea.

Kona ipindwe namna gani

Kanuni inayofuatwa sana ni kuzidisha upana wa tuyo mara 25. Hapo unapata umbali kutoka katikati ya duara hadi kwenye tuyo. Kwa tuyo ya 32, ni meta 0.8. Kwa tuyo ya 63, ni karibu meta 1.6. Kona ikiwa kali kuliko hapo, mfereji unapanuliwa, au kunawekwa kiungo cha kona.

Wengine huuliza: mbona kiwandani tuyo inazungushwa kwa duara dogo kuliko hilo? Kiwandani inazungushwa kwa mashini, imefungwa kamba kila upande, na haina maji ndani. Kwenye mfereji itabeba nguvu ya maji mchana na usiku kwa miaka mingi. Hivyo haviwezi kulinganishwa.

Imekwisha kunyongeka: ifanyweje?

Dawa ni moja. Kipande kilichonyongeka kinakatwa, sentimeta kadhaa kila upande, na tuyo inaunganishwa upya kwa rakori.

Kuna watu wanaopasha tuyo moto wa makaa na kuinyoosha kwa mikono. Kwa nje inaonekana imepona. Lakini ukuta wake umekwisha kulegea, na ndipo itakapopasukia siku robine zote zimefungwa na nguvu ya maji iko juu. Wengine huifunga kwa mpira wa baiskeli. Huo ni msaada wa siku mbili.

Kufunga rakori kuna utaratibu wake:

- Tuyo inakatwa kwa msumeno wenye meno madogo, ikiwa imenyooka kabisa.
- Mabaki ya plastiki yanakwanguliwa kwa kisu, na ncha inachongwa kidogo pembeni.
- Ncha ya rulo mara nyingi siyo duara kamili. Inarudishwa kuwa duara kabla ya kuingizwa.
- Alama inawekwa kuonyesha tuyo itaingia hadi wapi, kisha inasukumwa mpaka alama ifike.
- Ikiwa ngumu kuingia, inapakwa maji ya sabuni. Mafuta ya mashini hayatumiwi.

Gharama ya rakori moja inaonekana kuwa hasara. Lakini kuchimbua tuyo iliyofukiwa, kutafuta mahali penye kasoro katikati ya kilometa mbili za mfereji, ni hasara kubwa zaidi.

Ndani ya mfereji

Kina cha sentimeta 60 hadi 80 kinalinda tuyo dhidi ya jembe. Mahali magari yanapopita, ni meta 1 au zaidi. Chini kunawekwa udongo laini au mchanga wa sentimeta 10, na juu vilevile, kabla ya kurudisha udongo wenye mawe. Jiwe lililobana tuyo kwa miaka mitatu linatoboa polepole.

Viungo vinaachwa wazi hadi majaribio yaishe. Maji yanaingizwa polepole, robine zikiwa wazi, ili hewa itoke. Kisha robine zinafungwa, na kila kiungo kinatazamwa. Kikiwa kikavu baada ya masaa kadhaa, kinafukiwa.

Sehemu zinazobaki nje, kwenye miamba au kuvuka kijito, zina adui wawili: moto wa kiangazi na maji ya masika. Kati ya Juni na Agosti wakulima huchoma mashamba, na plastiki haistahimili moto. Hapo inafaa kutumia tuyo ya chuma, au kusafisha nyasi meta kadhaa kila upande. Kwenye mito inayofurika, kama Mutambala, tuyo iliyolazwa bila kufungwa itaelea, kwa sababu plastiki hii ni nyepesi kuliko maji, na mkondo utaibeba.

Hata wenye miti ya sukari wanajua

Kazi hii haiko Fizi tu. Huko Canada na kaskazini-mashariki mwa Marekani kuna mti unaotoa maji matamu mwisho wa majira ya baridi. Wenyeji hutoboa mti kama mgema anavyogema mchikichi, na tangu miaka ya 1950 wengi wao huunganisha miti kwa tuyo nyembamba za plastiki, upana wa milimeta 8 hivi, zinazoteremsha maji hayo hadi kwenye tanki. Zinahitajika lita kama 40 ili kupata lita moja ya asali ya mti, kwa hiyo hakuna anayetaka kupoteza tone.

Nao hukunjua rulo kwa kifaa kinachozunguka, kwa sababu ileile: ukivuta kwa upande, tuyo inajisokota na kunyongeka, na maji yanasimama njiani. Mlima ni tofauti, baridi ni tofauti, lakini tuyo ni ileile.

Kazi ya komite ya maji

Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji iliweka huduma ya maji pia mikononi mwa majimbo na mamlaka za chini. Kijijini, hata hivyo, anayeona robine imekauka ni komite ya maji. Shirika lililoleta tuyo linaweza kuondoka baada ya miezi sita. Tuyo inabaki.

Kwa hiyo inafaa komite iwe na mambo haya: mchoro wa njia ya tuyo unaoonyesha kila kiungo, rakori mbili au tatu za kila upana, msumeno, kipande cha tuyo cha akiba, na watu wawili waliofundishwa, mmoja wao akiwa mama. Kila mwezi, mtu ajaze bidoni ya lita 20 kwenye kila robine na kuandika sekunde zilizopita. Sekunde zikiongezeka ghafla, kuna mahali tuyo imebanwa, imetoboka au imejaa mchanga. Daftari hilo la makuta kidogo ndilo litakaloonya kabla robine haijakauka na watu hawajarudi ziwani.